Reli Inayopita Kipandio cha Mwisho

"Mama, mbona ngazi zimeisha lakini chuma bado kinaendelea?"

Binti yangu aliniuliza hivyo juzi jioni. Alikuwa amekaa kwenye kipandio cha chini, kidole chake kikienda na kurudi juu ya kovu la kuchomelea, pale reli ya kushikia inapoungana na kile kipande cha mwisho. Nikamjibu kwamba hiyo ni kazi ya babu yake. Akaridhika, akaenda zake kucheza. Mimi nikabaki pale, mkono juu ya chuma, mpaka giza likaingia.

Goti la Baba lilikuwa limeanza kumsaliti. Alianguka kwenye ngazi hizi asubuhi ya mvua, hakuvunjika, akajizoa mwenyewe, na tangu siku ile akawa anashuka huku kiganja kimegandamana na ukuta. Ukuta wenyewe unaishia kwenye kipandio cha tatu. Viwili vilivyobaki alivishuka bila cha kushika, na mimi dirishani nimebana pumzi. Nikasema basi, naweka reli. Akasema ngazi hizo alizijenga kwa mikono yake na hazijawahi kumwangusha mtu.

"Zimekuangusha wewe, Baba."

Hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu akatoka na futi yake ya kukunja, akaita: "Haya, njoo tupime."

Nilikuwa nimeshapima. Nilikuwa nimechora mstari ukutani, sentimita 97, kwa kufuata kimo changu mwenyewe, na bomba nilikuwa nimeshanunua, nene, nikiamini unene ndio uimara. Baba alilishika, akanionyesha: vidole vyake havikukaribia kukutana na dole gumba. "Hili ni la kuegemea," akasema. "Mtu anayeteleza haegemei, anadaka." Nikalirudisha, nikaja na la kipenyo cha sentimita 4. Hilo lilikaa kiganjani mwake kama mpini wa jembe.

Kisha nikamwomba ashuke kama anavyoshuka siku zote, atazame mbele, mkono auache uende unakotaka. Nikausimamisha ubao kando ya kipandio cha pili, chaki tayari. Akashuka kimoja. Mkono wa kulia ukaachana na paja, ukanyanyuka taratibu, ukasimama hewani usawa wa nyonga, mbele kidogo ya mwili. Vidole vilikuwa vimejikunja nusu. Vilikuwa vinatetemeka, si sana, ila nilikuwa karibu kiasi cha kuona kila kimoja kikitetemeka peke yake. Mikono ile niliijua ikibeba ndoo za zege mbili mbili. Niliijua ikinirusha juu na kunidaka. Sikuwahi kuiona ikitafuta. Nikajikuta nimeitazama tu, chaki imeniganda mkononi.

"Umeweka alama?"

"Bado, Baba."

"Weka basi, mwanangu. Nachoka."

Nikachora chini ya kiganja chake. Kutoka ukingo wa kipandio mpaka alama ile, sentimita 88. Chini ya mstari wangu kwa sentimita 9 nzima.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili. Nguzo zilikuwa tatu, kila moja na kitako chake cha chuma, zifungwe kwa boliti zile zinazotanuka ndani ya tundu ukikaza nati. Tundu la kwanza nililitoboa karibu mno na ukingo. Boliti ilipoanza kutanuka, kona ya kipandio ikapasuka, kipande cha ukubwa wa ngumi kikadondoka. Baba alikuwa amekaa nyuma yangu, na naapa alisikia mlio ukibadilika kabla sijaona ufa. Hakunigombeza. Alisema tu nguzo isogezwe ndani, kisha akaagiza pampu ya baiskeli, akainama kwa shida, akapuliza kila tundu mpaka vumbi likaisha. "Boliti haishiki vumbi," akasema, "inashika zege." Nguzo zile hazijacheza hata mara moja.

Tulipomaliza, reli iliishia sawasawa na ukingo wa kipandio cha mwisho. Nilidhani inapendeza hivyo. Baba akashuka kuijaribu. Kipandio cha kwanza, cha pili, vizuri kabisa. Alipofika cha mwisho akapeleka mguu chini, na mkono ukafika mwisho wa chuma kabla mguu haujagusa ardhi. Akasimama hivyo hivyo, mguu hewani.

"Hiki kilikuwa sawa na wenzake nilipokijenga," akasema kwa sauti ya chini.

Nikachukua futi. Vingine vyote vilikuwa na kimo cha sentimita 16. Cha mwisho kilikuwa na 21. Hakuna aliyekosea. Mvua ndiyo iliyokuwa ikila udongo wa ua, mwaka hadi mwaka, na kipandio kikazidi kurefuka huku tunakitazama. Mguu hupokea kipimo kwenye vipandio vya juu, ukategemea hicho hicho mpaka chini; ukikosa ardhi pale unapoitarajia, mwili umeshatangulia. Hapo ndipo alipoanguka. Mimi kipandio kile nilikuwa nakiruka tangu nikiwa msichana, na sikuwahi kujiuliza kwa nini nakiruka.

Tukajaza udongo na kokoto, tukashindilia. Fundi wa kuchomelea akaja, akakwangua kwanza ile ngozi ya zinki maana moshi wake unaumiza, akaongeza sentimita 30 mbele ya kipandio, ncha akaikunja chini isinase mikono ya nguo. Kovu lile hakulisaga vizuri. Nilitaka arudie. Baba akakataa, akasema akiligusa atajua amefika chini, hata usiku.

Aliishika reli ile miaka minne. Rangi pale kwenye kovu imekwisha kabisa, chuma kinang'aa. Nimepaka upya kwingine kote. Pale sijapaka, na sijui kama nafanya vizuri, kwa sababu mvua zikija kutu itaanzia hapo hapo.

Leo asubuhi binti yangu ameshuka mbele yangu. Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa, umenyooka wote, ukining'inia kwenye chuma cha babu yake, na kisigino kimeinuka kila anapopiga hatua. Sijui ni kwa muda gani amekuwa akishuka hivyo. Nimemwambia asimame kidogo, nikaingia ndani kutafuta futi na chaki.