Siku moja ya winga wa Mtwara asiye na duka

Mtaani kwetu Chuno mimi ndo yule dada anayeshinda na simu. Kuna jirani aliwahi kumuuliza mama yangu mzazi kama nimepata mzungu, maana haelewi hela ya kula inatoka wapi, dukani sikai na shambani siendi. Kazi yangu ni kuuza kwa simu vitu vya wenye stoo wa Kariakoo, naweka cha juu changu. Sasa leo naandika siku yangu moja, ijumaa iliyopita, msimu wa korosho umekolea, someni wenyewe muone kama mimi ndo nashinda na simu au simu ndo inashinda na mimi.

Saa 10 na nusu alfajiri nishaamka. Hata kuswali bado, naingia watsapu kwanza, Mungu anisamehe. Mabasi ya usiku yaliyotoka Mbagala jana yake saa hizo ndo yanakaribia huku kwetu, na humo ndani nina mizigo sita: miwili ya hapa Mtwara mjini, mmoja Lindi, mmoja Masasi, mmoja Tandahimba, mmoja Newala. Yote nimeiuza mimi na hakuna hata mmoja niliowahi kuugusa kwa mkono. Naipitia picha za risiti moja moja, nanakili kwenye kauntabuku namba ya gari, namba ya konda, jina la mteja. Ya Newala naiona risiti moja tu, nikasema labda wameandikisha pamoja. Hapo ndo nilipokosea, mtaona.

Saa 12 chai, vitumbua vya mama wa jirani, mtoto shule, baba yake bandarini (msimu huu kuna korosho za kupakia, kazi ya kibarua haikosi). Haya yote dakika arobaini.

Saa 1 mpaka saa 3 nauliza bei. Hii ndo kazi yenyewe ambayo hakuna anayeiona. Vijana wa yutubu wanaiita dropushipingi. Unatangaza kitu ambacho huna, mteja akilipa wewe unamlipa mwenye mzigo bei ya jumla, yeye anautuma moja kwa moja kwa mteja, kinachobaki katikati ndo chako. Mwaka wa kwanza nililipa elfu hamsini kwa darasa la watsapu la jamaa mmoja, akatufundisha kufungua duka Shopify na kuagiza China kwa AliExpress, tumuuzie mtu wa Marekani. Nikajiuliza mimi mtu wa Marekani namjulia wapi? Na ukitaka umuuzie mtu wa Nanyamba, mzigo kutoka China ukae njiani wiki kadhaa halafu anwani ya nyumba yake utaandika nini, "karibu na mwembe mkubwa"? Nikaachana naye. China yangu mimi ni Kariakoo. Wale wenzetu wanaowashika wateja mkono pale mtaa wa Kongo wanawapeleka dukani na kuweka cha juu wanaitwa mawinga, basi na mimi ni winga, sema nimekaa mbali kidogo na uwanja.

Kwa nini sina duka? Nilikuwa nalo. Fremu karibu na Soko Kuu, kodi laki na ishirini kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mpigo, hiyo laki saba na ishirini inatoka hujauza hata soksi. Nikajaza nguo za watoto na viatu, korosho mwaka ule zikachelewa kulipwa, mzigo ukalala mpaka viatu vikaanza kubanduka soli vikiwa kwenye boksi. Nilifunga nikiwa na deni la kikoba. Sasa hivi gharama yangu ni bando, makato ya miamala na usingizi. Kitu kisiponunuliwa kinamlalia mwenye stoo, hakinilalii mimi. Ila msidhani ni mteremko. Cha juu ni kidogo kwa sababu mteja na yeye ana simu, anaziona bei za Kariakoo kama mimi. Halafu kitu kikiharibika, kikichelewa, kikija cha rangi nyingine, mteja hamjui mwenye stoo, ananijua mimi. Mei 2024 kile kimbunga Hidaya kilipoleta mvua barabara ya Dar ikakatika pale Somanga, magari yakalala njiani, watu walinitukana kama vile daraja nilikuwa nalijenga mimi. Wawili niliwarudishia hela kutoka mfukoni kwangu nikasubiri mzigo ufike ndo niutafutie mtu mwingine.

Na bei lazima uulize kila siku. Majagi ya umeme jana elfu kumi na nane, leo ishirini na moja, ukiposti ya jana umejikata mwenyewe. Saa 3 naposti stetasi, picha ishirini na kitu, naandika bei na "usafiri juu yetu", naweka simu chaji.

Saa 3 na dakika arobaini simu ikaita, namba ya Newala.

Huyu ni mzee mmoja, sauti nzito, hela ya mnada wa korosho ikiwa imeingia akaamua kumnunulia mkewe cherehani ile ya miguu. Jumatano alinihoji karibu saa nzima, mwishoni akatuma laki tatu na arobaini. Jumla kwa mwenye stoo 285,000, usafiri 20,000, changu 35,000. Siku hiyo nilifurahi kweli.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Binti, umeniletea kichwa."

"Kichwa gani baba?"

"Kichwa cha cherehani. Mwili uko wapi?"

Nikasikia na watu wengine wanacheka nyuma yake, kumbe kafungua boksi palepale ofisi ya basi, na mashahidi anao. Kwa wasiojua, cherehani ya miguu inasafiri vipande viwili, kichwa kwenye boksi lake, meza na miguu kivyake. Nikamweleza, baba kipande cha pili kipo, nipe dakika kumi. Akasema dakika kumi ndo wanazosema matapeli wote. Halafu akaniuliza lile swali ambalo mimi naulizwa kila siku ya Mungu: "Duka lako liko wapi?"

Ukijibu "sina duka" umekwisha. Ukijibu "lipo Kariakoo" umedanganya. Mimi huwa nasema niko Mtwara mjini, Chuno, njoo nyumbani tunywe chai. Akasema chai hataki, anataka mwili.

Nampigia kijana wa stoo aliyepakia, hapatikani. Nampigia konda wa basi la Newala, anasema dada mimi nimekabidhi boksi moja, niliandikiwa boksi moja. Narudi kwenye risiti naikuza kwa vidole mpaka macho yanauma, kweli, idadi 1. Nikaanza kutetemeka, maana kama meza imebaki Dar ni siku nyingine na mzee hana siku nyingine. Saa 4 na nusu likanijia wazo nimpigie konda wa basi lililokuja Mtwara, lile lililoleta ile mizigo yangu miwili ya mjini. Akasema eeh kuna limeza limefungwa na kiroba, lipo ofisini stendi, hakuna aliyelifuata. Kijana kapakia kichwa gari la Newala, mwili gari la Mtwara. Watu wakitenganishwa hivyo kwenye hadithi huwa kuna mchawi.

Bajaji mpaka stendi Mkanaledi. Nilitoka hata sijajitanda vizuri.

Karani wa pale, dada mdogo tu ana miaka ishirini na mbili hivi, akaniambia bila risiti hatoi. Na ana haki, nisimseme, mizigo inaibiwa. Jina lililoandikwa kwenye kiroba ni la mzee, risiti ya hilo limeza anayo kijana wa stoo, kijana wa stoo kapakia mizigo mpaka usiku wa manane sasa kalala fofofo simu kazima. Nikamuonyesha chati, muamala, picha ya cherehani, kasema dada yangu hizo hata mimi naweza kupiga skrinshoti kwa mtu. Basi tukakubaliana mzee mwenyewe aongee naye kwenye simu, ataje jina lake kamili na kilichomo kwenye kiroba.

Nampigia mzee, naweka spika. Karani anamuuliza kwa adabu zote, "Baba shikamoo, naomba unitajie majina yako kamili." Kimya. Halafu mzee akasema, "Ahaa. Sasa mko wawili."

Jamani! Kagoma. Kasema jina lake hataji kwa genge, kwanza anaenda polisi, pili kuna mwanawe yupo jeshini. Kakata. Nikipiga anakata, nikipiga anakata, mara ya sita kapokea mtu mwingine akajitambulisha ni mjumbe, akanihoji upya kuanzia mwanzo, kabila langu, baba yangu nani, nimesoma wapi, mpaka kwa babu zangu Kitangari huko ndo akalegea kidogo akasema kumbe mtu wa nyumbani. Lakini jina la mzee hakulitaja na yeye. Muda huo stetasi inajibiwa huku, "dada hili jagi lipo?", "mambo", "bei ya mwisho?", namba za watu wanaotaka kununua, siwezi kuwajibu kwa sababu simu ni hii hii ninayohojiwa nayo. Wawili najua walienda kununua kwa winga mwingine. Jua la Mtwara mnalijua, kivuli cha ofisi ni cha mizigo siyo cha watu, njaa inauma, nimekaa juu ya gunia la mtu la dagaa.

Saa ngapi sijui, adhana ya ijumaa ishapita, kijana akawasha simu. Eti "bosi lady umenitafuta?" Sikugombana naye. Nilitaka, ila ukimtibua yule mzigo wako wa kesho unapakiwa wa mwisho, huu ni ukweli ambao hawaufundishi kwenye madarasa ya elfu hamsini. Nikamwambia mdogo wangu naomba risiti ya pili. Akaituma saa 8 na dakika kumi. Karani akanipa limeza, akaniomba radhi, nikamwambia hata mimi ningekugomea.

Kuli elfu mbili, mpaka kwenye kosta ya Newala inayopitia Tandahimba. Konda anataka elfu kumi na mbili kwa kuwa limeza linakaa nafasi ya abiria, tukabishana, elfu nane. Mbele ya Mnivata kuna vipande vya ujenzi na vumbi, kwaiyo kufika ni usiku. Nikapiga picha meza ikiwa ndani ya kosta, nikapiga na namba ya gari, nikamtumia yule mjumbe. Akajibu na dole gumba moja.

Nikarudi nyumbani, bajaji tena. Baada ya hapo siku haina saa. Nilikula wali wa baridi nimesimama. Nikawajibu waliobaki kwenye stetasi, nikauza jagi moja na shuka mbili, nikamlipa mwenye stoo wa shuka, nikampigia wa Masasi kuhakikisha kapokea, kapokea, hata asante hakusema na mimi nikamshukuru kwa hilo. Mtoto kauliza kitu cha hesabu za darasa la pili nikamjibu vibaya mpaka jumatatu mwalimu kaweka kosa. Mahesabu yangu mwenyewe nimeyapiga jikoni nyuma ya kauntabuku: faida 35,000, toa bajaji kwenda na kurudi 4,000, kuli 2,000, kosta 8,000, makato ya kutuma hela 4,000. Imebaki 17,000. Halafu nikamtumia mzee vocha ya elfu tano ya usumbufu, kwa sababu nataka amwambie mtu Newala kwamba sikuwa tapeli. 12,000. Ile fremu ningeuza cherehani ngapi kwa faida hiyo ndo nilipe kodi ya mwezi mmoja? Kumi. Basi nikafunga daftari.

Umeme ukakatika kama saa 1 usiku hivi. Gesi inatoka Mnazi Bay hapo, pua na mdomo, sisi tunawasha tochi.

Saa 3 usiku mzee kapiga mwenyewe. Meza imefika, fundi wa jirani kaja kuifunga, sauti imepoa kabisa, ananiita mwanangu. Nikaanza kumpa pongezi akanikatisha.

"Mkanda haumo."

"Baba, angalia kwenye droo."

"Droo ipi?"

"Ya mkono wa kulia, chini ya meza."

Nikasikia mbao ikigoma, halafu ikavutwa, halafu mama mmoja kwa mbali akapiga kigelegele kifupi. Mzee akasema haya, tumeuona. Akakaa kimya kidogo. Akasema kuna shemeji yake na yeye anataka kama hii, hela anayo, ila ni mtu mgumu, lazima kwanza aje aione dukani kwako achague kwa macho yake, sasa nimuelekeze, ukishashuka stendi Mkanaledi unaenda upande gani?

Simu ilikuwa imebaki asilimia nne. Nikamwambia baba, ntakupigia asubuhi.