Gia za shaba na grisi iliyonitia hasara

Kichwa cha treni yangu ya mfano, ya kipimo cha 1:87, kilianza kulia kama kinasaga mchanga. Nilipofungua boksi la gia nikakuta meno ya shaba ya manjano yamesawijika, na kwenye pembe grisi ya kiwandani imeganda rangi ya kijani.

Ule weusi niliuleta mwenyewe. Miezi kadhaa nyuma nilidondoshea oili ya gia za gari, yenye alama ya GL-5, nikijiambia gia ni gia tu. Kumbe oili ile ina viambato vya salfa (ukiinusa tu utajua) vya kukinga chuma kinachosagana kwa mgandamizo mkubwa. Baadhi ya aina za salfa hiyo hula shaba. Na katreni ka gramu mia chache kana mgandamizo gani? Ukijani nao ni kazi ya asidi za grisi iliyozeeka, hizo huila shaba polepole.

Nilisafisha kwa spiriti na mswaki mkuukuu, bodi, yaani ganda la nje, nikaiweka mbali kwa sababu spiriti huweza kubabua rangi. Kisha nikaacha kubahatisha. Maabara hutumbukiza kipande cha shaba kilichong'arishwa ndani ya oili, kwa kawaida kwenye nyuzi 100 kwa saa 3, halafu huangalia kimebadilika rangi kiasi gani. Mimi nilitumia vifuniko vya chupa: kila kimoja grisi yake, kipande cha shaba na kipande cha plastiki, vyote juu ya kabati penye joto, wiki tatu.

Grisi ya magari iliacha mstari mweusi kwenye shaba. Nyingine ililainisha plastiki hadi ukucha ukaingia. Ya silikoni haikudhuru kitu, lakini chuma kikisuguana na chuma utando wake ni dhaifu, kwa hiyo nikaiachia gia za plastiki. Iliyobaki ni nyeupe, ya sintetiki, yenye teflon, imeandikwa kwamba haidhuru plastiki. Hiyo ndiyo niliyoichukua.

Nilipaka kwa kijiti cha meno, kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti, nikaendesha mbele na nyuma, nikafuta iliyozidi. Ikifika kwenye magurudumu, yanayochukua umeme kutoka relini, umeme haupiti vizuri. Kwenye ekseli, tone moja la oili nyepesi latosha.

Juzi nimefungua tena. Madoa ya zamani yapo palepale, ila grisi bado nyeupe.