Alinitolea miiba kwanza

Ndiyo kwanza nimeingia ndani. Viatu bado vina mchanga.

Mwenzangu na mimi tuna miaka minne. Mwakani wazee wake walikuwa waje kwetu kuzungumzia mahari.

Leo jioni tulikaa kwenye mawe karibu na kivuko cha Kamanga hapa Mwanza, Jiwe la Bismarck mbele yetu, na sato wa kukaanga kwenye sahani. Akaniambia tangu utotoni anajisikia mwanamke.

Alishusha sauti, ingawa karibu yetu walikuwepo korongo tu. Hajavunja sheria yoyote, amesema tu anavyojisikia. Lakini sote tunakijua kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha ngono "kinyume na maumbile", jela miaka 30 hadi maisha, na hofu haina muda wa kusoma sheria.

Niliangalia mikono yake.

Ilikuwa inatetemeka, na bado inachambua samaki. Anatoa miiba, ananisogezea minofu. Kama siku zote.

Kwenye daladala nikawa nawaza: "yeye" bado ni yeye. "Mpenzi" bado ni mpenzi. Nikakwama kwenye kuoa na kuolewa. Nani amwoe nani? Na mimi niliyependa wanaume tu maisha yangu yote, sasa ni nani?

Nampenda. Hilo halikutikisika hata pale kwenye mawe.

Jamani, aliyewahi kuambiwa hivi na mtu wake, usiku ule wa kwanza ulimjibu nini? Njooni inboksi kama hapa ni vigumu. Matusi hapana, naomba. Huwa anasoma ninayoandika.