Mwanae ndio analipa, ila mama ndio mteja: navyokubaliana na watu kabla sijagusa habari ya chakula

Mi ni kocha wa afya hapa Dar, wateja wangu wengi ni watu wazima wenye sukari na presha, na wengi wao wala hawakunitafuta. Anayenitafuta ni mtoto. Yuko Muscat au yuko Mbezi, anatuma meseji "dada naomba umsaidie mama, hasikii, chapati anakula kama kawaida", anauliza bei, hela inaingia siku hiyohiyo. Mama mwenyewe kaambiwa tu kuna mgeni anakuja.

Kwahiyo makubaliano ya kwanza nafanya na anayelipa, tena kabla sijapokea hela. Namwambia mama ndio mteja, atakachoniambia ni siri yake, wewe nitakujulisha kama tumeonana, basi, mengine mpaka mama aridhie. Kuna wasiopenda. Kaka mmoja alitaka kila mchana nimtumie picha ya sahani ya mamaake, nikamwambia hiyo kazi siiwezi, tukaachana kwa amani. Maana mama akishajua wewe ni jicho la mwanae atakula mchicha mbele yako, maandazi yatamsubiri ukiondoka.

Siku ya kwanza mizani na kipima sukari vinabaki kwenye begi. Ni shikamoo, habari za hapa, wajukuu, mafuta ya kula yalivyopanda bei, na chai ikija nakunywa. Nasema mapema tu "mi mama nakunywaga bila sukari" na siongezi neno. Ukikataa chai ya mtu afu dakika tano baadae unamfundisha ale nini, hapo umejifukuza mwenyewe.

Yakishapoa nauliza: "Mama, mwanao ndio kaniita, ila wewe mwenyewe unaonaje, kuna kitu ungependa tukiongelee au leo tupige stori tu?" Afu nanyamaza, na kunyamaza huko ndio kazi ngumu kuliko zote bana. Jibu mara nyingi sio sukari. Bibi mmoja Mbagala aliniambia miguu inamuwaka moto usiku halali, akasema ni kwa sababu ya kusimama jikoni miaka yote. Nikamuuliza kliniki walimwambiaje, akasema hajawahi kuwaambia, foleni ndefu daktari ana haraka. Nikasema bibi, naomba nikwambie ninachokijua mimi kuhusu miguu kuwaka? Akasema sema. Nikamwambia sukari ikikaa juu muda mrefu inaweza kuumiza mishipa ya fahamu, na miguu ndio huwa ya kwanza, afu nikamrudishia: "wewe unalionaje hilo?" Akakaa kimya, akaanza kunihesabia mwenyewe soda anazokunywa. Mi soda sikuzitaja kabisa! Tulichokubaliana siku ile ni viwili, kliniki ijayo aanze na habari ya miguu kabla ya kitu kingine chochote, na kila jioni mjukuu amuangalie nyayo kama kuna kidonda.

Hiyo ya kuuliza, kuomba ruhusa, kusema kidogo, kuuliza tena sijaibuni mimi. Inatokana na mahojiano ya kuhamasisha (motivational interviewing), yaani kuongea na mtu mpaka atoe mwenyewe sababu zake za kubadilika, mwanasaikolojia William Miller aliandika mwaka 1983 kuhusu watu wenye shida ya pombe, baadae akaiendeleza na Stephen Rollnick. Wana swali la kumuuliza mtu kwa 0 mpaka 10 yuko tayari kiasi gani. Sasa wazee wangu namba za hewani hivi hawazipendi, kwahiyo naweka punje kumi za maharage mezani, nasema nisogezee kiasi cha utayari wako. Akisogeza nne siulizi kwa nini sio kumi, ukiuliza hivyo anaanza kujitetea. Nauliza kwa nini nne na sio moja. Hapo anatoa sababu zake yeye, kwa mdomo wake, za kutaka kubadilika, na mimi naandika nitakuja kumkumbusha.

Kingine, nani anapika? Mzee mmoja wa presha tulielewana vizuri tu kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikie gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na iliyomo kwenye vyakula. Ila chumvi inatiwa na mkewe, na mke akisikia mgeni kasema chumvi imezidi hilo ni tusi la jikoni. Nikamuomba mzee ruhusa tumuite, nikamwambia "mama, tunakwama, tunaomba ushauri wako". Mwenyewe akasema ng'onda ataloweka usiku na maji atamwaga, mchuzi atazidisha ndimu na pilipili. Mi hata nisingeufikiria.

Dawa sigusi na hilo nalisema mapema kabisa, mbele ya mwenye nyumba. Mtu yuko kwenye glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, akipunguza chakula ghafla sukari inaweza kushuka, jasho, kutetemeka, kizunguzungu, so mabadiliko yoyote makubwa ya mlo lazima kliniki wajue kwanza. Na nawaambia ukinichoka niambie tu, usinizimie simu.

Yule bibi wa Mbagala kashaniambia, Ramadhani nisije, anataka kufunga kwa utulivu. Nikamuuliza kama kuna anachotaka tukiweke sawa kabla haijaingia, akasema hamna, afu baadae akauliza vidonge vya asubuhi atakunywa saa ngapi. Nikamwambia swali hilo ni la daktari, pamoja na kama kufunga kwenyewe kunamfaa. Keshokutwa anaenda kliniki na mjukuu, mi nitarudi baada ya Idi akiniita.