Nyumba ya tatu imeninyima usingizi

Jamani nimemaliza The Elementals ya Michael McDowell, riwaya ya 1981, mwili bado unanisisimka. Inaanza na msiba huko Alabama, marehemu anachomwa kisu kifuani ndani ya jeneza, ndo mila ya familia yao, halafu wanaenda kupumzika Beldame, nyumba tatu ufukweni na ile ya tatu mchanga unaimeza taratibu, haina mtu ila kuna kitu cha kale mle ndani na kimeamka. Yaani unaogopa mchana kweupe jua linawaka kuliko usiku! Odessa, mfanyakazi wao wa ndani, anajua mengi kuliko mabosi wake wote, huyo mama kanishika roho aisee. Mwenye Blackwater, kitabu chake kingine, anishtue tafadhali.