Kumbukumbu ya mradi: gauni lisiloacha mabaki ya kitambaa

Gauni limekwisha kuungwa mabega, mikono na vikwapa, yaani vipande vidogo vya mraba vinavyowekwa kwapani. Taharizi, yaani vipande vya pembetatu vya ubavuni vinavyolipanua gauni chini, zimeshonwa, na kilichobaki ni mifuko na pindo. Kabla sijaendelea naona ni vyema niandike jinsi lilivyopangwa, kwa sababu katika ushonaji wa namna hii sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla mkasi haujashikwa.

Katika ukataji wa kawaida kiolezo huchorwa kwa kuufuata mwili, kisha vipande vyenye kona za mviringo za kwapa, shingo na kiuno hupangwa juu ya kitambaa, na nafasi zinazobaki katikati yao huishia kwenye pipa la taka. Hukadiriwa kuwa asilimia 15 hivi ya kitambaa hupotea hivyo. Kitambaa changu ni pamba nyepesi yenye upana wa sm 140 na urefu wa sm 160, vipimo vilivyochukuliwa baada ya kukifua na kukipiga pasi, kwa kuwa pamba hurudi. Asilimia 15 ya eneo hilo ni mraba wa sm 58 kila upande, yaani zaidi ya nusu ya badani moja, kipande kikubwa cha mbele au cha nyuma cha gauni.

Kwa hiyo nilianza na upana wa kitambaa, na umbo la gauni likafuata. Badani mbili, kila moja sm 58 kwa 110, zimekaa sambamba na kubakiza ukanda wa sm 24 pembeni. Ukanda huo nimeugawa katikati ya urefu wake, kisha kila nusu nikaikata kutoka pembe hadi pembe, nikapata taharizi nne. Katika sm 50 zilizobaki za urefu, mikono miwili yenye upana wa sm 46 imechukua sm 92, na kipande cha sm 48 kwa 50 kilichosalia kimetoa mifuko miwili ya sm 24 kwa 26, miraba minne ya sm 12 kwa ajili ya vikwapa, na kanda tatu zenye upana wa sm 4. Mpango wote niliujaribu kwanza kwa karatasi ya sm 14 kwa 16, ambayo ni sehemu ya kumi ya kipimo halisi, na ninamshauri kila anayeanza afanye hivyo, kwani karatasi haina thamani ya kuililia.

Ustadi huu si mpya hata kidogo. Kimono ya Kijapani hukatwa kwa mistari iliyonyooka kutoka katika jora lenye upana wa sm 36 hivi na urefu wa takribani mita 12, na mashati ya Ulaya hadi mwanzoni mwa karne ya 19 yaliundwa kwa mistatili na miraba, yakiwa na vikwapa vya mraba. Kitambaa kilichofumwa kwa mkono kilikuwa ghali mno kutupwa.

Taharizi ndizo zilizonifikirisha zaidi. Kila moja ina upande ulionyooka wa sm 55 na upande wa mshazari wa sm 60. Upande wa mshazari huvutika, kwa hiyo nimeushona kwenye ukingo wa badani, ambao umenyooka na unauzuia usilegee, na pande zilizonyooka nimezikutanisha ubavuni. Matokeo yake ni kwamba pindo hupanda kwa sm 5 hivi kila ubavu. Ningeweza kulisawazisha kwa mkasi, lakini huko kungekuwa ni kurudisha mabaki kwa mlango wa nyuma. Na kwa kweli mpando huo unalipendeza gauni. Jambo jingine ni kwamba taharizi zinazotokana na mstari mmoja wa ukataji hugeukiana juu chini, hivyo kitambaa chenye maua yanayoelekea upande mmoja hakifai kwa mpango huu. Changu hakina maua.

Shingo haikukatwa shimo. Mabega yameunganishwa yakaacha uwazi wa sm 28, kisha badani ya mbele ikachanwa katikati sm 14 kwenda chini, na pembetatu mbili zilizopatikana zikakunjwa ndani na kushonwa kama kaba, yaani kitambaa cha ndani cha kuimarisha shingo. Mkunjo huo uko mshazari, nao ungelegea kwa kuvaliwa, kwa hiyo ukanda wa kwanza umepita juu yake kwa ndani. Wa pili umeshika shingo ya nyuma. Wa tatu utagawanywa mara mbili kwa ajili ya midomo ya mifuko.

Kila kikwapa kina matabaka mawili: la nje limeshonwa kwa cherehani, nikisimamisha mshono sm 1 kabla ya kila pembe, na la ndani limefunika mishono yote kwa mkono. Overloki, mashine ya kuzungushia nyuzi ukingo wa kitambaa, sikuitumia popote, maana kisu chake hukata ukingo wa kitambaa kadiri kinavyopita, na ni ajabu kwamba wengi wanaojisifu kwa kutobakiza kitu hawalihesabu vumbi lile. Mishono mirefu nimeishona mara mbili, kwanza sm 0.4 upande wa nje, kisha sm 0.6 upande wa ndani, na nyuzi mbichi zimefungiwa humo.

Udhaifu wa mpango huu uko kwenye saizi. Anayehitaji badani ya sm 64 atabakiwa na ukanda wa sm 12 tu, na gauni lake litakuwa jembamba chini, hali yeye ndiye anayehitaji nafasi zaidi. Kuongeza vipimo kwa uwiano, kama inavyofanyika kwa violezo vya kawaida, hakuwezekani. Itabidi atafute kitambaa cha sm 150 au zaidi, au autoe upana wa taharizi kwenye kipande cha mifuko na kuipanga upya safu nzima ya chini.

Pindo litasubiri gauni lining'inie siku kadhaa, ili mishazari ishuke kadiri itakavyoshuka. Ikishuka sawa pande zote, nitakunja sm 1 mara mbili. Ikipishana, nitakunja zaidi pale palipozidi, bila kupunguza kitu.