Deni la upepo

Gari lilitakiwa lije saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na mbili halijaja, saa moja ndo mwenye gari anapokea simu anasema gia boksi ilikufa tangu jana jioni ila alisahau kutuambia. Alisahau! Mimi na jamaa yangu tumekaa kwenye ngazi, helmeti ziko kichwani kabisa kama watu wanaosubiri kudondokewa na kitu, baiskeli zimeegemea ukuta na magurudumu tushayatoa ili ziingie kwenye buti. Mbio ya mwisho ya msimu iko keshokutwa asubuhi, kilomita 214 kutoka hapo tulipo. Jamaa akaniangalia, nikamwangalia, akasema, "Mwanangu, kwani sisi hatuna usafiri?" alafu akaanza kurudisha gurudumu lake la nyuma taratibu kama vile plani ilikuwa hivyo tangu mwanzo.

Ni wazo la kijinga, nakubali. Mtu anayejiandaa na mbio siku mbili za mwisho anapumzisha miguu, anazunguka saa moja kwa gia nyepesi, anarudi kulala na miguu ameinyanyua juu ukutani, hanyongi kilomita 214 na begi mgongoni. Lakini msimu wangu ulikuwa umeshaharibika kiasi kwamba sikuona cha kulinda. Mbio nane, nafasi nzuri kuliko zote ya 23.

Tukaandikishana mkataba wa mdomo: kilomita tatu wewe mbele, kilomita tatu mimi, hakuna ujanja ujanja, kompyuta ndogo ya kwenye usukani ndo hakimu. Niliweka sharti hilo kwa sababu namjua huyu bwana, ana kipaji kimoja kikubwa duniani nacho ni kujificha. Mfupi, mpole, kwenye kundi la watu hamsini humuoni kabisa mpaka mita 150 za mwisho, hapo ndo unashangaa huyu katokea wapi.

Kilomita 40 za mwanzo zilikuwa tamu, barabara tupu, asubuhi ya baridi kidogo, ile sauti ya tairi kwenye lami safi kama mtu anararua kitambaa kirefu ambacho hakiishi. Alafu tukatoka kwenye miti, tukaingia uwanda, na upepo wa mbisho ukatupokea. Aisee upepo ule. Tulikuwa tunakwenda 32 kwa saa tukashuka mpaka 21 na mapigo ya moyo yako palepale. Mlima angalau unauona, una mwanzo una mwisho na ukifika juu unalipwa mteremko, upepo haulipi kitu, unakukaba tu usoni na hata ukiutukana hausikii maana sauti yako yenyewe unakurudishia mdomoni.

Watu wasioendesha hudhani adui wa baiskeli ni mlima, kwenye tambarare adui ni hewa. Ukitoka 30 ukataka 40 kwa saa hujaongeza theluthi ya kazi, nguvu ya kuipasua hewa inapanda zaidi ya mara mbili, ndo maana ukikaa nyuma ya gurudumu la mwenzako kwa karibu, sentimita 30 hivi, unapunguziwa robo mpaka theluthi ya kazi bure kabisa. Haya yote nilikuwa nayajua kwa kusoma. Kuyajua kwa miguu ni habari nyingine.

Maana nieleze kidogo msimu ulivyoanza. Septemba 2025 niliangalia mashindano ya dunia ya baiskeli ya Kigali, ya kwanza kufanyika Afrika, yule Mslovenia Tadej Pogačar akachomoka zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100 na zile 60 na ushee za mwisho akazimaliza peke yake, mimi niko kwenye kochi najisemea kumbe ni hivyo tu, unaondoka. Mbio yangu ya kwanza ilikuwa ya kilomita 80, nikachomoka kilomita ya tano. Nilipata raha ya dakika kama ishirini hivi, pikipiki ya waamuzi iko mbele yangu, najiona kabisa kwenye picha, na nyuma hakuna aliyehangaika, watu wanapiga stori, wananiangalia kama unavyomwangalia mtoto anayekimbilia ukuta. Kilomita ya 19 wakanimeza bila hata kuongeza mwendo. Walivyopita sikuweza kushika hata mkia wa kundi, nikamaliza na lile gari la kukusanya waliochoka likinguruma nyuma yangu.

Ungedhani nilijifunza. Mbio ya pili nikakaa mbele tena, ya tatu nikaanguka kwenye kona yenye mvua kwa sababu nilishika breki juu ya mstari mweupe uliopakwa rangi (rangi ikilowa ni sabuni, mtu yeyote atakwambia, na mimi nilishaambiwa). Ya nne niliisha chaji. Yaani mwili unatunza sukari yake kwenye misuli na ini, na ukikanyaga kwa nguvu inakupeleka kama saa moja na nusu mpaka mbili, baada ya hapo lazima uwe umeshaanza kuingiza nyingine muda mrefu, sasa mimi nilikuwa niko bize kuvuta watu huko mbele, mkono haukuwahi kwenda mfukoni. Saa mbili kasoro nikaona kibao cha barabarani nikashindwa kukisoma. Herufi nazijua, neno halikusanyiki. Nilikaa chini kwenye nyasi na mtoto mmoja akaja kuniuliza kama nimekufa.

Ya sita waya wa gia ya nyuma ulikatika chini ya mlima, na waya ule ukikatika springi inavuta mnyororo mpaka sproketi ndogo kabisa, kwangu ile ya meno 11, gia nzito kuliko zote. Nilipanda nimesimama, nikapanda kwa zigizaga, mwishoni nikapanda kwa viatu vile vyenye vyuma chini, ka ka ka ka kwenye lami kama mbuzi.

Basi turudi barabarani. Kilomita ya 88, zamu yangu mbele kama kawaida, nikapita kwenye shimo ambalo nililiona kwa kuchelewa, puuu. Pancha. Tukatoa tyubu tukakuta vitundu viwili sambamba kama nyoka ameuma, alama ya tairi lenye upepo mdogo kubanwa kati ya rimu na ukingo wa shimo. Nilikuwa nimepunguza presha mwenyewe asubuhi ile kwa sababu siku hizi kila mtu anasema tairi pana na laini kidogo linakimbia kuliko gumu, ambayo ni kweli, ila unatakiwa ukumbuke kuhesabu na begi uliyobeba. Jamaa akachukua pampu aanze kunisaidia alafu akasimama ghafla, "Ngoja kwanza, nisije nikakuponza kama Christophe."

Hii ni stori tunayoipenda wote wawili. Eugène Christophe, Mfaransa, Tour de France ya 1913, uma wa mbele unaoshika gurudumu ulimkatikia akiwa anashuka mlima wa Tourmalet, akabeba baiskeli begani akatembea zaidi ya kilomita kumi mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, kuna karakana ya mhunzi pale, na sheria ya enzi zile inasema mshindani atengeneze mwenyewe bila kusaidiwa na mtu, kwa hiyo akaunga chuma mwenyewe huku waamuzi wamesimama wanamwangalia. Saa na saa zinapita. Mikono yake ni miwili tu, kijana wa pale akamsaidia kuvuta mivuo ya moto, na waamuzi wakampiga adhabu ya muda kwa kosa hilo! Mimi kila nikitaka kulalamika kuhusu pancha namkumbuka yule mzee na mivuo. Jamaa alipampu mpaka mwisho, akatangaza kwamba nimepigwa adhabu ya kilomita tatu mbele.

Tulilala gesti baada ya kilomita 131, baiskeli ndani ya chumba, moja imesimama kati ya vitanda kama mgonjwa. Kabla ya kulala nikafuta mnyororo kwa kitambaa, kiungo kimoja kimoja, jamaa anasema ni ugonjwa, mimi naona ni kama kuosha miguu. Sijui nielezeje kwa mtu ambaye hana baiskeli. Unageuza pedali kinyumenyume na mnyororo hautoi sauti, kile kimya kinanifanya nilale vizuri kuliko dawa yoyote.

Siku ya pili upepo uko palepale, kama alilala nje ya mlango akitusubiri. Na hapo ndo likatokea jambo ambalo nalifikiria hadi leo. Niko mbele, kichwa chini, nageuka kumuita jamaa apokee zamu, nakuta tuko watatu. Nyuma ya jamaa, karibu kabisa na gurudumu lake, kuna mama mmoja na baiskeli ya kikapu, gia moja, gauni limefungwa fundo pembeni lisiingie kwenye mnyororo, anakanyaga taratibu hana hata jasho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Endeleeni, endeleeni."

Alikaa pale kilomita sita. Upepo ukihamia kidogo kushoto na yeye anahamia kulia, akitaka kupunguza mwendo hagusi breki anatoka tu kidogo pembeni upepo umshike kisha anarudi, vitu ambavyo mimi nimelipia msimu mzima kuvijua na bado sivifanyi. Kwenye njia panda akatupungia mkono, "Asanteni jamani, leo mmenikinga," akakata kona. Jamaa alicheka mpaka akayumba. "Umemuona kocha wako?"

Tulifika Jumamosi saa tisa mchana miguu kama magogo. Hesabu ya kompyuta ilikuwa wazi: jamaa ananidai hakuna, mimi namdai kilomita 11, kwa sababu kila zamu yake ya kilomita tatu iligeuka kuwa mbili na ushee kutokana na kiu, kamba ya kiatu, simu, na mara moja nyuki.

Mbio yenyewe kilomita 96, mizunguko sita ya kilomita 16, kila mzunguko na kilima kimoja kifupi chenye hasira. Asubuhi ya Jumapili nilipanda ngazi nikasikia mapaja yanalia, nikajua leo siwezi kuchomoka hata nikitaka. Kwa hiyo nilifanya kitu ambacho sijawahi kukifanya maishani, nilikaa ndani ya kundi. Mzunguko wa kwanza niko katikati, wa pili niko katikati, naona migongo tu, na kumbe huko ndani kuna dunia nzima, watu wananong'ona, mtu anakuonyesha shimo kwa mkono, joto la miili, harufu ya dawa ya misuli, sauti ya magia kubadilishwa kwa pamoja tunapokaribia kilima, krak krak krak kama mvua ya mawe, na mwendo ni 41 kwa saa lakini miguu yangu inajua 33. Nilikula kila nusu saa kama mtoto mtiifu. Mzunguko wa nne wale vijana waliochomoka mapema wakarudi mikononi mwetu, mmoja mdomo wazi macho hayaoni, nikamuonea huruma kweli kweli, nilitaka kumuuliza kama anaweza kusoma vibao.

Kilima cha mwisho tukabaki 14. Mimi nimo! Na miguu ipo. Na hapo, bana, ule ujinga wangu wa zamani ambao nilidhani nimeuacha kwenye uwanda kule ukaamka. Kila mtu anajua sprinti ya tambarare unaianza mita 200 hivi, ukiwahi sana upepo unakumaliza wewe na unawafikisha wengine. Nilianza mita 400. Niliona nafasi upande wa kushoto nikasimama nikakanyaga kila nilichobakiza, mita 300 niko wa kwanza, mita 200 bado wa kwanza, nasikia spika zinapiga kelele, mita 120 miguu ikageuka maji na kutoka nyuma ya gurudumu langu, moja kwa moja kutoka kwenye kivuli changu, akatoka mtu mfupi mpole.

Jamaa wa tatu. Mimi wa tisa.

Kwenye jukwaa wakampa chupa ya kufungua na povu, nikaona anaigeuzia kule mbali, mkono mmoja umefunika uso, watu wanashangaa. Mimi nilijua. Biniam Girmay wa Eritrea mwaka 2022 alishinda hatua ya 10 ya Giro d'Italia, ile mbio kubwa ya Italia, kufungua chupa jukwaani kizibo kikamchapa jichoni na siku ya pili hakuanza mbio. Alirudi miaka miwili baadaye akachukua hatua tatu za Tour de France na jezi ya kijani, ile ya bingwa wa pointi, lakini jamaa yangu anasema yeye hana miaka miwili ya kusubiri, ana Jumatatu kazini.

Jumatatu kazini, na gari bado halina gia boksi. Kwa hiyo mchana uleule tukafunga mabegi, medali yake akaivaa ndani ya jezi, tukaanza kurudi. Nikamkumbusha zile kilomita 11. Akasema sawa kabisa, deni ni deni, akapita mbele bila kulalamika, akainama vizuri, na tukaenda hivyo kilomita moja, mbili, tano, mwendo 38, wala hapumui kwa shida, anapiga mluzi. Mimi nyuma nasubiri kusikia ule unafuu wa gurudumu la mtu na siusikii, nanyoosha kichwa pembeni, nakirudisha, hakuna tofauti yoyote.

Nikaangalia nyasi za pembeni. Zote zimelala kuelekea tunakokwenda.

"Nane!" akapaza sauti bila kugeuka. "Zimebaki tatu, mwanangu, hesabu vizuri!"